Uji Niliowapikia Watoto wa Ruiru

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza kama mtu ni mzima. Wewe nakuona hapa dirishani. Umekaa nje kwenye kile kistuli kifupi, jirani anakusuka, na mwanao Faith anaokota nywele zinazoanguka na kuziweka kwenye kopo. U mzima. Mimi pia ni mzima, ila tangu Jumanne usingizi umenikimbia, na unajua kwa nini.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, za kanisa, wala za wanaume. Una miaka ishirini na sita na mtoto wa miaka mitatu, na mengi ya hayo ulijifunza bila mimi. Kesho mnahamia Nakuru, Jumatatu unaanza kazi ya maabara, na zamu yako inaingia saa moja asubuhi. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwa simu, "Asubuhi ndiyo itaniua." Hiyo asubuhi ndiyo nataka tuizungumzie. Naijua. Nilifanya kazi ndani yake miaka kumi na moja.

Jumanne nilikuwa nimempozea Faith uji, nimemenya yai, nimekata ndizi vipande vidogo anavyopenda. Ulikuwa umesimama mlangoni na strungi yako, ile chai isiyo na maziwa. Ukatutazama kwa muda. Halafu ukasema, na hata hukupandisha sauti, "Huyu unampikia. Mimi nilipokuwa mtoto ulikuwa wapi?"

Nilijifanya sikusikia. Nikamwambia Faith afungue mdomo.

Nilikuwa Ruiru. Hilo unalijua. Kile nilichokuwa nikifanya huko sijawahi kukueleza, kwa sababu kukueleza kungekuwa kujishtaki.

Baba yako alienda Bungoma kumzika mama yake, ukiwa na miaka sita, na hakurudi. Nilisubiri mwezi mmoja, miwili, halafu nikasikia ameoa. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kwa Mama Shiro, kwenye zile nyumba za geti kule Ruiru. Alikuwa anafanya kazi ofisi ya Nairobi na mume wake vilevile, na watoto wao wawili wa kike walichukuliwa na basi la shule saa kumi na mbili na nusu. Sharti lake lilikuwa moja: nifike kabla watoto hawajaamka. Kwa hiyo nilikuwa natoka hapa Kamenu, Thika, saa kumi na nusu, giza bado totoro, wewe umelala umejikunja kama paka.

Kwenye mlango wa friji yake kulikuwa na karatasi. Alikuwa ameiandika kwa mkono, kwa wino wa kijani, na kila siku ilikuwa na mstari wake. Jumatatu uji wa wimbi na yai la kuchemsha. Jumanne nduma na maziwa na papai. Jumatano viazi vitamu na avokado. Alhamisi uji tena, lakini wa mtama, na machungwa. Ijumaa chapati moja moja ya unga wa ngano nzima, na maharage yaliyobaki jana. Chini kabisa aliandika, "Sukari kidogo. Mkate mweupe hapana." Alinisomea karatasi ile siku ya kwanza kama anayeniapisha.

"Mama Nekesa, asubuhi ni vita," aliniambia. "Lakini ukiipanga jioni, ukiamka umeshashinda. Unaona?"

Niliona. Yule mama alikuwa na akili, sitamnyima hiyo. Kabla sijatoka jioni nilikuwa namenya nduma na kuichemsha kabisa, nakoroga unga wa uji na maji na kuufunika uchachuke, naosha matunda, nachemsha mayai na kuyaweka kwenye bakuli. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kupasha moto tu. Dakika kumi, kumi na mbili, watoto wako mezani. Sikuwahi kuona mtoto wa nyumba ile akitoka kwa geti na tumbo tupu.

Na wewe?

Wewe nilikuachia mkate. Mweupe, ule uliokatazwa kule. Nilikuwa nanunua Jumatatu jioni na Alhamisi jioni, naufunga kwenye karatasi yake, nauweka juu ya meza pamoja na chupa ya chai niliyopika usiku uliopita. Shosho, yule nyanya wa chumba cha pili, aligonga ukuta saa kumi na mbili ili uamke. Ulikuwa na miaka minane. Uliamka, ukavaa peke yako, ukajimiminia chai isiyo na moto wala maziwa, ukafunga mlango, ukaenda shule. Jioni nikirudi naona karatasi imepungua kitu, nasema moyoni, amekula.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sikuwa na muda. Wanatikisa kichwa, wananihurumia, wanasema ulezi wa peke yako ni mgumu. Ni mgumu kweli. Lakini wewe ni mtoto wangu na nitakwambia kile sijawaambia hao. Muda ulikuwepo. Nduma ya kwetu inaiva kama ya Ruiru. Wimbi unauzwa hapo sokoni Thika, na mayai Shosho alikuwa nayo, kuku wake walikuwa wanatutagia mpaka chini ya ngazi. Nilikuwa najua namna ya kuipanga asubuhi ya mtoto jioni yake, nilikuwa naifanya kila siku kwa mikono hii. Nikifika nyumbani mikono ilikataa. Nilikuwa nakaa kitandani na viatu bado miguuni na kusema, leo mkate, kesho nitaanza. Hiyo kesho ilinichukua miaka.

Kuna lingine. Siku moja Mama Shiro alinikuta nikimwaga uji uliobaki kwenye sinki. Karibu nusu ya sufuria, mzuri, bado unatoa moshi.

"Ai, Mama Nekesa! Si ubebee mtoto wako hii uji? Mbona inamwagwa?"

"Asante, mama," nikamwambia, "kwangu wanakula vizuri. Dadangu huwapikia."

Sina dada Thika. Unajua hivyo. Nilimdanganya siku aliponiajiri, nikiogopa ataninyima kazi akijua mtoto wangu analala na kuamka peke yake, na sikujua namna ya kuurudisha ule uongo. Halafu kulikuwa na kiburi. Nyanya yako, mamangu, alikuwa anatuletea makombo kutoka nyumba ya mwenye shamba alikofanya kazi, na watoto wa majirani walikuwa wanatuita kwa jina la ile nyumba. Niliapa mtoto wangu hatakula makombo. Kwa hiyo hukula makombo. Hukula kitu. Mara tatu aliniambia nibebe, na mara tatu nikakataa nikiwa nimesimama wima kama askari.

Na mimi nilikuwa nakula, Nekesa. Hili ndilo limenikaa kooni zaidi ya yote. Basi likishawachukua watoto, nilikuwa nasimama kando ya sinki na kula yai langu na kipande changu cha nduma na chai ya maziwa. Sikuona hayo kuwa makombo, niliyaona haki ya mfanyakazi. Nilikuwa nashiba, nafuta mdomo, naanza kuosha vyombo. Saa hiyo hiyo wewe ulikuwa kwenye paredi ya shule.

Sasa nifike siku ile.

Ulikuwa darasa la tatu. Ilikuwa Alhamisi. Mwalimu Wambui alinipigia simu saa nne nikiwa naanika nguo. Akasema, "Mama Nekesa, naomba ufike shuleni leo kama unaweza. Ni kuhusu Nekesa na uji wa watoto wa nasari." Hayo tu. Wale wadogo wa nasari walikuwa wanapikiwa uji pale shuleni. Nilipomwomba Mama Shiro ruhusa kwa simu alisema, "Lazima iwe leo?" Nikaondoka na hilo neno. Njia nzima kutoka Ruiru nilikuwa naliwaza lile neno, na uji, na majirani, na baba yako aliyesema kabla hajaenda kwamba peke yangu sitaweza kulea. Nilipofika kwenye lile geti la shule nilikuwa nimeshahukumu.

Mlikuwa kwenye baraza, nje ya darasa lenu, wewe na mwalimu. Madirisha yalikuwa wazi na darasa zima linaangalia. Mwalimu Wambui akavuta kiti.

"Karibu, Mama Nekesa. Kaa kwanza, tuongee."

Sikukaa. Nilikuuliza wewe. "Ni kweli? Umechukua uji wa watoto?"

"Mama, nili..."

"Umechukua ama hujachukua?"

"Nimechukua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na njaa."

"Njaa gani? Si nilikuachia mkate?"

Ukaangalia chini. Hukujibu. Nami nikachukua ule unyamavu kuwa ndio ushahidi. Nilivua kiatu, Nekesa. Sitakueleza yaliyofuata, ulikuwepo. Nakumbuka mwalimu akinishika mkono na mimi nikimsukuma. Nakumbuka nikisema kwa sauti ya kusikika hadi darasa la nane, "Mimi sikuzaa mwizi! Sikuzaa mwizi mimi!" Na wewe hukulia. Hilo lilinikasirisha zaidi, kwamba hukulia.

Jumamosi yake ulienda kuteka maji na mimi nikafagia chumba. Nikavuta kitanda. Chini yake, nyuma kabisa ukutani, nikapata mkate wa Jumatatu. Ulikuwa na kuvu ya kijani toka juu hadi chini. Mvua ilikuwa inanyesha wiki ile, chumba kilikuwa na unyevu, na sijui niliununua ukiwa wa siku ngapi. Ulikuwa umekula vipande viwili, pengine Jumanne, kisha ukaona kuvu. Ukauficha, kwa sababu ulijua ningekuuliza kwa nini umeharibu chakula. Jumatano hukula. Alhamisi hukula.

Nilikaa pale sakafuni. Ningeweza kusubiri urudi na ndoo yako, nikwambie, mwanangu nimeuona mkate, nimekukosea. Ilikuwa sentensi moja. Badala yake niliufunga ule mkate kwenye gazeti na kuutupa shimoni nyuma ya vyoo kabla hujarudi. Ukaingia, ukaona kitanda kimesogezwa, ukaniangalia. Nikakwambia, "Weka maji hapo." Nadhani ulijua. Miaka kumi na minane nimejaribu kujiambia kwamba hukujua.

Watoto walikuita Uji mpaka ukamaliza darasa la nane. Nilisikia mara moja, wakipita hapa kwa ploti, mbele ya vyumba vyetu, na nikaingia ndani.

Tangu hapo asubuhi hukula tena. Nilianza kukuachia pesa ya mandazi, hukununua. Nilijaribu kununua maziwa, ukasema yanakuumiza tumbo. Ukiwa kidato cha pili ulianguka paredi, tukaenda kliniki, daktari akasema damu iko chini na una vidonda vya tumbo. Daktari yule kijana hakuwa mkali. Aliuliza tu, akiandika, "Mama, asubuhi huwa anakula nini?"

Na mimi nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ile karatasi ya friji. "Uji wa wimbi na yai," nikasema. "Jumanne nduma na maziwa. Na matunda." Sikukwama hata neno moja. Ningemaliza mpaka Ijumaa kama hangenikatiza.

Ulikuwa umelala kwenye kile kitanda cha kliniki. Ukageuza kichwa ukanitazama. Ungesema "Huyo mama anadanganya," angekuamini. Ulinitazama tu, kisha ukageukia ukuta. Hujawahi kunisuta kwa siku ile, na laiti ungenisuta.

Zile dawa zako za tumbo nimeziona leo juu ya sanduku, pakiti mbili. Ni mimi huyo, ndani ya pakiti.

Mama Shiro aliniachisha kazi watoto wake walipoingia sekondari. "Wamekuwa wakubwa, sasa wanajipikia," akasema, na kweli walikuwa wakubwa, warefu, meno meupe. Yule mkubwa alinikumbatia kwenye geti. "Auntie, nitamiss uji yako." Nilimwambia asante. Kisha nikarudi nyumbani kwa msichana wangu, ambaye hakuwahi kuuonja.

Faith alipozaliwa na ukaanza masomo, ukaniachia yeye kwa sababu hukuwa na mwingine wa kumwachia. Sijidanganyi kwamba uliniamini. Jioni ya kwanza nilichemsha nduma. Nikakoroga unga. Nikachemsha mayai mawili. Asubuhi nikapasha moto, dakika kumi, nikamkalisha mapajani, akala akanichafua mpaka nywele. Watu wa kanisa walisema nimekuwa nyanya mwema. Nililia siku ile, na si kwa furaha. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Kwa hiyo unaniuliza nilikuwa wapi, na jibu ni kwamba nilikuwa kwenye jiko la mtu mwingine, nimeshiba, nikifanya kwa ustadi kabisa kile ulichokihitaji.

Sasa unaenda kwenye asubuhi zako. Utachoka. Kuna jioni utakaa kitandani na viatu miguuni, na hapo ndipo nataka unikumbuke, si kama mzimu wa kukutisha, bali kama mtu aliyepita hapo. Siku nyingine utaweza nduma na yai na tunda, na siku nyingine itakuwa mkate na chai. Hakuna mtoto aliyekufa kwa mkate. Ila ufungue hiyo karatasi mwenyewe uuone mkate. Usisome karatasi tupu ukasema amekula. Na ukimuuliza kitu akanyamaza, usiujazie ule unyamavu maneno yako. Kaa chini. Subiri.

Utaajiri msichana wa kukusaidia, lazima, na zamu kama hizo. Kama ana mtoto, muulize mtoto wake anaamka na nani, na umuulize kwa namna ambayo hatahitaji kukudanganya. Mama Shiro hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka, na mimi nilimpa jibu la kumwezesha kuendelea na haraka yake.

Na ule na mtoto wako asubuhi, Nekesa. Faith ameanza kuniambia hataki yai, anataka strungi kama mama. Ana miaka mitatu na anakuangalia sana.

Kuna jambo moja limebaki, na ni la jana. Ijumaa nilikwambia naenda Ruiru kumwona rafiki wa zamani. Sikwenda Ruiru. Nilienda Kalimoni, kwa Mwalimu Wambui. Alistaafu, ana ng'ombe wawili na migomba, na magoti yanamsumbua. Nilikuwa nataka nimwambie, kabla hujaondoka Thika, kwamba mtoto wangu hakuwa mwizi. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu asubuhi.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Ngai, Mama Nekesa. Kwani nani alisema ni mwizi?"

Nikamwambia, "Wewe uliniita kwa sababu ya uji."

"Nilikuita kwa sababu ya uji, eeh. Huyo mtoto alikuja kwangu mwenyewe. Alisema, 'Mwalimu, nimekunywa uji ya nasari, na nitakunywa tena kesho, kwa sababu nyumbani hakuna.' Mimi na mpishi tukakubaliana awe anapewa kikombe kila asubuhi. Nilitaka tu nikuombe ruhusa, usije ukaona aibu ukisikia kwa watu." Akapangusa miwani. "Nilikuvutia kiti. Hukukaa."

Akaniuliza habari zako, nikamwambia uko maabara, akafurahi sana. Halafu akasema, "Lakini huyo msichana akiniona mjini anavuka barabara kunikwepa. Nilimkosea nini?"

Nilimwambia hakukukosea lolote. Nilimwambia ukweli, kwamba umeishi ukiamini yeye ndiye alikushtaki, na kwamba mimi nilikuacha uamini hivyo.

Ulisema ukweli ukiwa na miaka minane, Nekesa, kwa mdomo wako, bila kusukumwa, na mtu mzima wa kwanza uliyemwambia alikusikia. Kikombe kilikuwa kimeshapatikana. Kuanzia Ijumaa ile ungekunywa uji wa moto kila asubuhi mpaka umalize shule. Mimi ndiye niliyefika na kukinyang'anya. Mwalimu hakukuita mwizi. Mpishi hakukuita. Neno hilo nililileta mimi kutoka Ruiru, na wengine wakaliokota kwangu.

Naona jirani amefika kwenye mistari ya mwisho ya kichwa chako. Sitaificha barua hii kwenye sanduku lako uikute Nakuru, ambako siwezi kuonekana. Nitakupa mkononi sasa hivi, ukiingia ndani, na nitamchukua Faith twende dukani polepole ili uisome. Halafu nitarudi. Kama una la kuniambia, nitakaa, na sitakukatiza.

Mama